Tonge la Kwanza

Kirewa, Tororo
6 Machi 1966

Dada yangu Wilkister,

Nakusalimu kutoka huku Kirewa. Sisi tu wazima, isipokuwa miguu yangu imevimba hadi navaa viatu vya tairi vya Oketcho na yeye anakwenda shambani peku. Mume wangu huyo anakusalimu. Mama mkwe anakusalimu pia, na anauliza kwa nini samaki uliotutumia walikuwa na mchanga mwingi. Ulezi tumepanda, mvua imeanza vizuri. Mimba ina miezi minane na inanipiga mateke mchana kutwa.

Sasa niseme lililonikalisha chini. Edimu, huyu muuza samaki wetu anayebeba barua zetu kwenye baiskeli, alisimama hapa uani juzi akasema mbele ya watu kwamba Ojiambo aliuawa kwenye vita vya mashifta, na kwamba msiba wake ulikwisha tangu Desemba. Miezi mitatu, dada. Na katika miezi hiyo umeniandikia barua mbili, moja ya paa la jirani yako lililong'oka, nyingine ya ubatizo wa mtoto wa rafiki yetu Anjeline.

Sikulia. Nilikwenda nyuma ya jiko nikatapika, mama mkwe akadhani ni mimba. Unajua nilivyomkimbia mtu yule. Oketcho anajua tu kwamba niliwahi kuwa na mchumba mwanajeshi, na sitaki ajue zaidi ya hapo.

Nataka uniambie alizikwaje. Nauliza kwa sababu tangu Januari, kabla sijajua kama amekufa, mchana watu wakiwa shambani nasikia viatu vya jeshi vikizunguka nyumba. Vinazunguka mara mbili, vinasimama upande wa jiko, halafu mtu anasafisha koo mara tatu. Unakikumbuka kile kikohozi chake cha kuagiza chakula. Nikitoka sikuti mtu, nakuta harufu ya mafuta yake ya nywele.

Nijibu upesi.

Mdogo wako,
Leonida


Busia
29 Machi 1966

Mdogo wangu Leonida,

Barua yako imefika ikinuka samaki, kwa hiyo najua Edimu aliisafirisha kwenye kikapu pamoja na biashara yake. Mimi sijambo, kibanda changu cha chakula bado kimesimama. Mjomba wetu wa Buhehe alianguka kutoka juu ya ghala akavunjika mkono, naye anasema ghala ndilo lililosogea. Mwambie mama mkwe wako samaki huoshwa kabla ya kupikwa, hata huko kwao.

Ndiyo, amekufa. Sikukuandikia kwa sababu una mimba, na kwa sababu sikuona kwa nini jina lake lipotezewe wino.

Lori lao lilivamiwa huko kaskazini mwezi wa Novemba, likateketea, hakikubaki kitu cha kurudisha. Jeshi lilileta barua na sanduku la bati: suruali moja, brashi ya viatu, kopo la yale mafuta ya nywele. Basi wazee wa kwao, huko karibu na mto Sio, wakafanya lile linalofanywa mtu akipotelea mbali. Walikata tunda la mwegea, refu kama mtoto wa mwaka mmoja, wakalifunga ndani ya suruali yake na kuliita kwa jina lake, wakalilaza kitandani. Aliyekufa bila mwili akipewa mwili si kwamba hutulia tu, hulala. Ndivyo wanavyosema.

Lilikaa siku tatu likimsubiri ami yake kutoka Kisumu. Siku ya pili lilianza kutoa maji. Maji yalipita kwenye suruali yakadondoka chini ya kitanda, na mama yake amekaa pale akilipungia inzi kwa leso na kulifuta, na kusema, "Amechoka, ametoka mbali." Wale wanawake waliokuwa wakimwita fisi alipokuwa hai walijitupa chini wakililia tunda. Nilitaka kucheka. Harufu ile ilikaa kwenye nywele zangu wiki nzima, na nilizikata.

Alizikwa, kila kitu kilifanywa. Usiniulize zaidi habari za maziko hayo. Viatu unavyosikia ni damu inayokupanda kichwani kwa sababu ya mimba, lala chali na uinue miguu.

Dada yako,
Wilkister


Kirewa
8 Mei 1966

Dada Wilkister,

Salamu kwako na kwa mjomba na mkono wake. Nimejifungua tarehe kumi na nne Aprili. Ni mvulana. Uzazi ulikuwa mwepesi, mkunga hata hakumaliza chai yake. Oketcho alichinja kuku wawili akawaita ndugu zake wote, nikadhani shida zangu zimekwisha.

Mtoto hana jina mpaka leo. Huku kwao mtoto akilia bila kukoma hupewa titi, na bibi yake hukaa karibu akiita majina ya waliokufa, moja moja. Aliyemtaka mtoto akitajwa, mtoto hunyamaza na kunyonya, na jina linakuwa lake. Mama mkwe ameita Owor, baba yake Oketcho. Ameita Othieno na Okiror, ameita hadi watu ambao hata yeye hakuwaona. Mtoto analia tu. Ananyonya kidogo, anatema. Juzi mama mkwe aliniangalia kwa muda mrefu akasema, "Mtoto hii nakataa majina yetu yote. Iko mtu yako naita yeye."

Iko, dada. Namjua, na wewe unamjua.

Viatu havikukoma nilipojifungua. Sasa vinaingia ndani. Na harufu ya mafuta imeondoka, imekuja nyingine, tamu, ya kitu kilichooza kikaanza kuvuja. Nilipoisoma barua yako habari za lile tunda, niliitupa chini kama imeniuma.

Nitakuambia jambo ambalo sijawahi kulisema kwa sababu lilionekana na kila mtu na hakuna aliyeliona. Unakumbuka Krismasi ile nyumbani kwa Anjeline? Nyama ililetwa, Ojiambo akasema, "Tonge la kwanza ni langu." Akaitafuna, akaitoa kwa vidole, akanitia mdomoni, akanifunga mdomo kwa kiganja mpaka nikameza. Wanawake wakacheka, wakasema ninapendwa. Wewe pia ulicheka. Alifanya hivyo kila tulipokula, miaka miwili, awe na watu au asiwe nao. Alisema hivyo ndivyo ng'ombe anavyozoeshwa mkono wa mwenyewe, na kwamba sitaweza kula cha mwanamume mwingine. Nilipokuja huku nilikaa mwezi mzima nikishindwa kumeza.

Jana mchana nilimlaza mtoto nikaenda kisimani. Niliporudi alikuwa amenyamaza, nikafurahi. Nikamwinua. Mdomoni mwake mlikuwa na kipande cha nyama kilichotafunwa. Hatujapika nyama hapa tangu wale kuku. Mama mkwe hana meno, na alikuwa shambani.

Nikilitaja jina lile, mtoto atanyamaza na atakuwa wake. Nisipolitaja, atakufa. Niambie la kufanya. Na niambie yale uliyonikataza nisiulize.

Leonida


Busia
27 Juni 1966

Mdogo wangu,

Hongera kwa mtoto. Nimechelewa kwa sababu nilikuwa na homa, halafu Edimu alivunja baiskeli, halafu mvua. Samaki wameadimika. Anjeline amenunua cherehani na sasa anajiona malkia.

Usilitaje jina hilo. Mpeleke mtoto Dabani kwa padri, abatizwe Erastus. Usile nyama, na usimwache mtoto peke yake. Sina zaidi.

Wilkister


Kirewa
10 Julai 1966

Wilkister,

Nimeacha kuandika neno dada, utaniwia radhi au hutaniwia.

Nilikungoja majuma saba, ukaniletea cherehani ya Anjeline. Tulikwenda Dabani kabla hujanishauri. Padri alimmwagia maji, mtoto akalia, tukarudi naye analia. Sasa halii tena kwa sauti, anafungua mdomo tu. Ngozi ya mapaja imelegea kama ya mzee. Oketcho hanisemeshi. Jana aliniuliza, akiwa amenipa mgongo, "Ulikuwa nalala na nani kabla ya mimi?" Nikasema hakuna. Akatoka nje akaenda kupasua kuni mpaka mpini ukavunjika.

Nimemwona. Si usiku wala si ndotoni, nilikuwa napembua ulezi mlangoni, jua kali. Alikuwa amesimama karibu na kitanda cha mtoto, amevaa ile suruali, na suruali imelowa kuanzia kiunoni kwenda chini. Uso sikuuona vizuri, ulikuwa mrefu na wa kahawia na hauna macho ya kutosha. Lakini mkononi alishika upindo wa gauni, akiuvuta polepole, jinsi mtu anavyomvuta mbuzi kwa kamba. Lilikuwa gauni langu la maua ya buluu. Lile nililoliacha kwako usiku niliotoroka, ukasema utaniwekea.

Lilikuwa na udongo.

Gauni langu liko wapi, Wilkister? Usinijibu habari za samaki.

Leonida


Busia
19 Julai 1966

Leonida,

Hakuna salamu katika barua hii, hakuna aliye mzima wa kusalimu.

Siku ya pili ya msiba mama yake Ojiambo alinijia kibandani na wazee wawili. Kwa ukoo wao mwanamume mzima hashuki kaburini peke yake. Kama ana mke, mke anatoa nguo yake iwekwe miguuni pake. Kama hana, inatafutwa ya mwanamke aliyekuwa naye. Asipopewa huja kujitafutia. Ojiambo hakuoa. Yule mama alisimama mbele ya wateja wangu akasema, "Nipatie nguo ya mwanamke wa mtoto wangu." Hakutaja jina. Aliniangalia mimi.

Alikuwa anajua. Na wewe ujue sasa. Baada ya wewe kuondoka Ojiambo alirudi likizo mara tatu, na mara zote tatu alikuja kwangu. Mimi niliyekufungulia mlango wa nyuma ukimbie, niliyekuona ukitapika kila alipotoka, nilimfungulia huyo huyo mlango wa mbele. Sikulazimishwa. Alinisifia mikono yangu, na nilikuwa na miaka thelathini na sita na hakuna aliyewahi kuisifia. Usiku wa kwanza akaniambia tonge la kwanza ni lake. Nikafungua mdomo mwenyewe, hakuhitaji hata kunifunga kwa kiganja. Nilimeza. Najichukia kwa yote, lakini kwa lile tonge najiona kama kitu cha kutupwa.

Basi mama yake aliponiangalia, niliingia ndani. Magauni yangu yalikuwa yametundikwa mbele. Gauni lako lilikuwa chini kabisa ya sanduku. Nililipekua sanduku mpaka nikalipata.

Ningeweza kukuambia nilidhani ni desturi tu, nguo kuukuu, haina madhara. Ndivyo nilivyojiambia nikirudi kutoka maziko. Lakini mkono wangu ulijua ulichokuwa unatafuta. Nilitaka, kama atatoka, atoke akutafute wewe uliye mbali.

Sikujua kwamba kulikuwa na mtoto njiani. Hilo ni kweli, lakini hata ningejua, sijui.

Wilkister


Kirewa
22 Julai 1966

Lifukue.

Leonida


Busia
9 Agosti 1966

Mdogo wangu Leonida,

Nimelifukua.

Ningekwenda mapema zaidi, lakini ilibidi nisubiri siku ambayo boma lote huenda sokoni. Nilifika leo mchana, jua likiwa utosini, na jembe langu nikiwa nimelifunga kwenye kuni kama mtu anayetoka kutafuta kuni. Kaburi liko nyuma ya nyumba ya mama yake. Udongo ulikuwa laini mno kwa kaburi la miezi minane, kana kwamba unatumika.

Unajua mwanamke kugusa kaburi ni jambo gani kwetu. Sikusali. Nilimtukana kila nilipoinua jembe. Nilimtukana yeye, nikajitukana mimi, nikawatukana wanawake wote waliocheka Krismasi ile. Nilipofika kwenye blanketi walilomzikia harufu ilinirudisha nyuma, nikakaa kando, nikarudi.

Tunda halikuwa limeoza. Kwa yale maji yote yaliyovuja chini ya kitanda lilipaswa kuwa uji. Lilikuwa limejaa, gumu, na joto. Gauni lako niliona kwa macho yangu likiwekwa miguuni. Nililikuta limelizunguka tunda, mikono ya gauni imefungwa nyuma, jinsi mtoto anavyofungwa mgongoni. Upindo wote ulikuwa umetafunwa. Mchwa namjua, si kazi ya mchwa. Ulikuwa umetafunwa taratibu, na ulikuwa umelowa.

Nililivuta. Halikutaka kutoka, nikaweka mguu juu ya tunda nikavuta kwa nguvu zangu zote, na nilihisi chini ya unyayo kitu kikimeza. Sitaki kuandika zaidi habari hiyo. Mguu nimeusugua kwa mchanga na sabuni mpaka umechubuka.

Nilipogeuka, mama yake alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko. Hakwenda sokoni leo, kumbe. Hakupiga kelele. Alinitazama na gauni mkononi, akaniambia neno, nami nikamjibu. Nitakuambia siku nyingine.

Gauni nimelichoma kwenye ukingo wa Sio na majivu nimeyatia majini. Shimo nimelifukia vizuri. Usiniulize zaidi.

Mwambie mama mkwe aanze tena majina, aanze na la kwanza.

Wilkister


Kirewa
4 Septemba 1966

Dada yangu,

Salamu nyingi kutoka kwa wote wa hapa, na safari hii ni salamu za kweli. Ulezi tumevuna na ghala limejaa. Mama mkwe anasema samaki wa mwisho walikuwa safi, jambo ambalo kwake ni kama kukuombea utakatifu.

Mtoto anaitwa Owor. Ilikuwa tarehe ile ile uliyoandika barua, mchana. Mama mkwe hakuwa amesikia lolote kutoka kwako. Alimkuta kimya, akamchukua akaita Owor kwa kujaribu tu, kwa sauti ya mtu aliyekata tamaa, na mtoto akageuza kichwa akaanza kutafuta titi. Amenyonya mpaka akanilewea. Sasa ana mashavu. Viatu sisikii, harufu imekwisha. Oketcho ameweka mpini mpya kwenye shoka lake na ananitania tena habari ya miguu yangu. Nilimwambia yote, isipokuwa yako. Akaenda akala nyama aliyopikiwa na mama yake, akanikatia kipande kizima kwa kisu, akakiweka kwenye bakuli langu bila kukigusa kwa mkono. Nililia nikala.

Nina hasira nawe bado. Nadhani nitakuwa nazo hadi nizeeke. Lakini nimerudi kuandika neno dada, umeona.

Kuna jambo linanisumbua. Shimo lile hukusema ulilifukiaje. Kama asipopewa huja kujitafutia, mbona ametulia? Na Edimu anasema umekonda, kwamba kibandani unavaa gauni moja tu siku zote, na kanisani hukuonekana na lile la kijani ulilolipenda. Mama yake Ojiambo alikuambia nini?

Mdogo wako,
Leonida


Busia
2 Oktoba 1966

Mdogo wangu Leonida,

Nimekisoma kipande cha Owor na mashavu yake mara nyingi hadi karatasi imechanika. Mjomba amefungua bandeji, mkono umepona umepinda, anasema sasa unafika mahali ambapo zamani haukufika. Anjeline ananishonea gauni kwa ile cherehani yake, kwa hiyo mwambie Edimu afunge mdomo.

Yule mama alisema hivi: "Nimemzaa, nimemlisha, inatosha. Usimwache mikono mitupu, atakuja kwangu." Nikamwambia hatakuja kwake, wala kwako, Leonida. Nikavua la kijani pale pale juani, nikaliweka, nikafukia. Alinipa leso ya kurudia nyumbani. Lile la kijani ndilo nililopaswa kutoa siku ile ya kwanza, kwa hiyo usinishukuru, na usithubutu kuja kufukua. Una mtoto.

Huja mchana, wateja wakipungua. Kile kikohozi, mara tatu. Nikijipakulia, nageuka kuchukua chumvi, narudi nakuta tonge la kwanza limeshatafunwa na limerudishwa sahanini, linang'aa mate. Nalishika kwa vidole viwili, nalipeleka mlangoni, namtupia mbwa, na mbwa haligusi. Halafu nanawa, nakaa, nakula la pili mbele yake.

Tangu Agosti sijameza lake hata moja.

Dada yako,
Wilkister